Yule anayekufulia nguo, unamlipa ngapi?

MPENZI msomaji, huenda gazeti hili unalisoma ukiwa umejinyosha kochini. Chai ya maziwa iko mezani, watoto wanakimbizana uani, na kutoka jikoni inasikika sauti ya mtu anayesugua masufuria. Mtu huyo si mkeo, si binti yako, wala si shangazi aliyekuja kukutembelea. Ni yaya. Kabla hujafunua ukurasa mwingine, hebu lijibu swali hili kimoyomoyo: unamlipa ngapi?

Usikasirike. Swali hilo niliulizwa mimi kabla yako, na aliyeniuliza ni mama yangu mzazi.

Mama alifua nguo za watu Shelly Beach kwa miaka 11. Wenyeji wa Mombasa hawahitaji kuelezwa Shelly Beach ni wapi, lakini kwa faida ya msomaji wa bara, ukishuka feri upande wa Likoni, ukawaacha makondakta wa matatu wakigombania abiria wa Ukunda, unashika barabara ya kushoto inayoelekea baharini. Siku ya Jumapili utawakuta huko wazazi, watoto na wanafunzi wamejaa ufukweni, wengine wakiogelea na mipira ya magari, wengine wakinunua mihogo ya kukaanga. Lakini siku za kazi, asubuhi na mapema, utaiona Shelly Beach nyingine. Utawaona akina mama wakitoka Timbwani na Shika Adabu kwa miguu, mmoja mmoja, wakibisha mageti ya nyumba zilizoipa bahari uso. Utawaona watunza bustani wakifagia majani ya mikungu, na mabawabu wa usiku wakifunga redio zao tayari kwenda kulala.

Mama alianza kazi hiyo mwaka 1998. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mwezi Agosti 1997, wavamizi waliushambulia usiku mmoja kituo cha polisi cha Likoni na kile cha polisi pale ferini, wakaua na kuteketeza mali, na fujo zikasambaa Pwani ya Kusini. Watalii walikimbia. Hoteli zilifunga milango au zikapunguza watu, na kwa ghafla kila mwenye mikono miwili Likoni akawa anatafuta kibarua kile kile. Katika hali kama hiyo mwajiri hahitaji kuuliza unataka mshahara gani. Anataja wake, nawe unashukuru. Mama alishukuru.

Siku za Jumamosi nilikuwa nikifuatana naye. Mimi nilipewa kazi ya kuanua soksi. Mama alikuwa akifua, akianika, akipiga pasi, akipiga deki, na jioni kabla ya kuondoka aliongezewa "hako kadogo tu, mama," nako hako kadogo kilikuwa kikapu kizima cha mapazia. Siku mojawapo sahani ya udongo ilimteleza mikononi ikavunjika, na mwisho wa mwezi bei yake ikakatwa. Hakulalamika. Alifikiri hiyo ndiyo sheria.

Basi turudi kwenye lile swali. Alikuja kunitembelea nyumbani kwangu, akamtazama msichana anayenilelea wanangu wawili akimaliza kufua beseni la tatu, akanivuta kando. "Mwanangu, na huyu wamlipa ngapi?" Nikamwambia elfu saba, analala humu humu na chakula anakula chetu. Mama hakusema kitu. Aliomba beseni, akaenda kumsaidia kukamua.

Kwa muda wa usiku mzima ile kimya iliniuma kuliko matusi. Kesho yake nilifanya kile ambacho mwandishi wa habari alipaswa kufanya kabla ya kumwajiri mtu: nilikwenda kuisoma sheria.

Hapa nchini, msomaji, mshahara wa chini haupangwi na Bunge shilingi kwa shilingi. Bunge lilipitisha Sheria ya Taasisi za Leba ya mwaka 2007, na sheria hiyo ikampa Waziri wa Leba uwezo wa kutoa amri za mishahara baada ya kushauriana na mabaraza ya mishahara, ambamo wanaketi wajumbe wa wafanyakazi, wa waajiri, na watu wasio wa upande wowote. Kuna baraza la kazi za jumla na la kilimo. Amri ikichapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, inakuwa sehemu ya mkataba wa kila mfanyakazi inayemhusu, hata kama mkataba wenyewe ulifanywa kwa mdomo pale mlangoni. Na hapa ndipo wengi tunapopotea: hata kama yaya mwenyewe alikubali elfu saba kwa tabasamu, makubaliano hayo hayawezi kuishinda amri. Anayelipa chini yake anatenda kosa la jinai, na mahakama inaweza kumwamuru alipe tofauti yote.

Kwa amri iliyoanza kutumika Novemba 1, 2024, kibarua wa kawaida katika miji mikuu ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru aliwekewa Sh16,113.75 kwa mwezi. Katika fungu hilo hilo la vibarua wa kawaida wanatajwa mfagizi, mtunza bustani, bawabu wa mchana, yaya na mtumishi wa nyumbani. Katika zile zilizokuwa manispaa ilikuwa Sh14,866.95, na sehemu nyinginezo zote Sh8,596.50.

Likoni ni Mombasa, na Shelly Beach ni Likoni. Kwa hiyo hapana ubishi, kiwango chake ni kile cha juu. Lakini ifuate barabara ya Lungalunga uvuke mpaka wa Kwale, uwakute watu wanaokata nyasi kwa panga la aina ile ile, chini ya jua lile lile, nawe utakuwa umeingia sehemu zisizo katika orodha ya miji mikuu. Unga wa dukani haujui mpaka huo.

Isitoshe, fedha hizo ni mshahara mtupu. Mfanyakazi asiyepewa mahali pa kulala anastahili marupurupu ya nyumba ya asilimia 15 juu yake. Kwa hiyo mama anayekuja kwako asubuhi na kurudi kwake Timbwani jioni alistahili Sh2,417 nyingine, jumla Sh18,530 na senti. Ondoa asilimia 6 ya hazina ya uzeeni, NSSF, asilimia 2.75 ya bima ya afya ya SHIF na asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba, atafika kwake na kama Sh16,600. Wiki ya kazi ni saa 52 katika siku sita. Saa za ziada zinalipwa moja na nusu, na siku yake ya mapumziko ukimwita kazini unalipa maradufu. Ile "hako kadogo tu" ya mapazia, kwa lugha ya sheria, inaitwa ovataimu.

Na ile sahani? Sheria ya Ajira ya 2007 inamruhusu mwajiri kukata fidia ya kiasi kwa hasara iliyotokana na makosa ya kukusudia. Sahani iliyomponyoka mtu mwenye mikono ya sabuni haikukusudiwa na mtu yeyote.

Nikachukua kalamu. Msichana wangu analala kwangu, kwa hiyo marupurupu ya nyumba hayamo. Sh16,113.75 kutoa Sh7,000 ni Sh9,113.75. Alikuwa amefanya kazi miezi kumi. Nilikuwa nadaiwa Sh91,137.50 na mtu aliyekuwa akiniamkia "shikamoo" kila asubuhi.

Utasema, "Lakini wewe mwandishi, mshahara huo hata mimi mwenyewe siupati mara mbili!" Naam, na hapo ndipo mada hii inapokuwa ngumu. Sheria haimtofautishi mwenye jumba la ghorofa mbili lililoikabili Bahari Hindi na mwalimu wa shule ya msingi aliyepanga vyumba viwili Majengo Mapya. Tajiri akikataa kulipa ni uchoyo. Mwalimu akishindwa kulipa ni hesabu. Tuseme mkononi anabaki na Sh35,000. Akimlipa yaya elfu kumi na sita, kodi, karo na nauli zitatoka wapi? Na asipokuwa na yaya, yeye mwenyewe hawezi kwenda kazini.

Waajiri wakubwa nao wanasema hivyo hivyo kwa lugha ya maofisini. Kila Sikukuu ya Wafanyakazi inapokaribia, Shirikisho la Waajiri, FKE, huonya kwamba nyongeza zisizolingana na uzalishaji huwafukuza watu kazini, nao muungano wa vyama vya wafanyakazi, COTU, hujibu kwamba mwenye njaa hazalishi. Mimi sikubaliani kabisa na upande wowote, lakini hoja ya waajiri haiwezi kupuuzwa katika nchi ambayo zaidi ya asilimia 80 ya walio kazini nje ya mashamba madogo wamo katika jua kali. Kwa wengi wao, amri ya mishahara ni kama tangazo la redio katika nyumba ya jirani. Wanasikia sauti tu.

Aidha, tangazo lenyewe huchelewa. Mei 1, 2024, Rais William Ruto alitaka mshahara wa chini upandishwe kwa asilimia 6. Watu walipiga makofi, na wengine wakarudi nyumbani wakidhani mwisho wa mwezi mambo yatabadilika. Lakini hotuba si sheria mpaka ipite katika Gazeti Rasmi, na nyongeza hiyo ilianza kutumika Novemba. Miezi sita! Kabla ya hapo nyongeza ilikuwa ya asilimia 12 mwaka 2022, na kabla ya hiyo asilimia 5 mwaka 2018. Kati ya 2018 na 2022, miaka ya korona ikiwemo, hapakuwa na kitu. Mwaka 2018 kibarua wa mjini aliwekewa Sh13,572.90. Hadi kufikia 2024 alikuwa ameongezewa Sh2,540.85, yaani chini ya asilimia 19 kwa zaidi ya miaka sita. Katika miaka hiyo hiyo pakiti ya unga wa kilo mbili ilipita Sh200, hadi serikali ikaingilia kati Julai 2022 kwa ruzuku ili uuzwe Sh100. Wewe uliyeupanga foleni unakumbuka.

Sasa, msomaji, niruhusu nikurudishe nyuma, kwa sababu vijana wetu wa shule wanafundishwa historia ya kila mahali isipokuwa ya mtaa wao. Hadithi ya mshahara wa chini nchini Kenya haiwezi kusimuliwa bila Mombasa.

Jumatatu ya Januari 13, 1947, mji huu ulisimama. Makuli wa bandarini hawakwenda bandarini, wafanyakazi wa reli hawakwenda relini, na, zingatia hili, wapishi na maboi wa majumbani pamoja na watumishi wa hoteli nao walitia mikono mifukoni. Yasemekana watu wapatao 15,000 waligoma. Mabwana na mabibi waliokuwa hawajawahi kuona ndani ya majiko yao walilazimika kuchemsha maji wenyewe. Wagomaji walikutana kila siku katika uwanja walioubandika jina la Kiwanja cha Maskini, wakazungumzia bei ya vyakula, kodi za vyumba, na mishahara iliyokuwa imeachwa nyuma na vita vikuu vilivyokwisha majuzi tu. Chama chao, African Workers' Federation, kiliongozwa na Chege Kibachia. Mgomo ulidumu karibu majuma mawili, hata Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, akaja kuwasihi warudi kazini wakati madai yao yakisikilizwa.

Aliyepewa kazi ya kuyasikiliza alikuwa Jaji Ransley Thacker, ambaye baadaye ndiye aliyemhukumu Jomo Kenyatta na wenzake watano kule Kapenguria. Baraza lake liliwapa wafanyakazi nyongeza. Kibachia naye alipewa zawadi yake: Agosti mwaka huo huo alikamatwa, akapelekwa uhamishoni Baringo, mbali na bahari na mbali na makuli. Lakini serikali ya mkoloni ilikuwa imekwisha kutishika. Mwaka 1951 ikaja sheria ya kudhibiti mishahara na masharti ya kazi, iliyoyaanzisha mabaraza ya mishahara, ambayo ndiyo babu wa sheria hii ya 2007.

Jambo linalonisisimua zaidi ni la mwaka 1954. Kamati iliyoongozwa na F. W. Carpenter, Kamishna wa Leba, ilichunguza mishahara ya Waafrika ikasema waziwazi kile ambacho kila mama wa Likoni alikuwa akikijua: mshahara wa chini ulipimwa kwa mahitaji ya kapera. Chakula chake, blanketi lake, kitanda chake. Mke na watoto walidhaniwa wako mashambani wakila mahindi yao wenyewe. Kamati ikashauri kiwango cha mtu mzima kipandishwe hatua kwa hatua mpaka kiweze kutunza familia.

Imepita miaka zaidi ya sabini tangu hapo. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki. Haya, ichukue Sh16,600 ya mama wa Timbwani, toa kodi ya chumba, maji ya mtungi, makaa, unga, mafuta, viatu vya shule vya watoto wawili. Mimi nilijaribu mara tatu, na kila mara niliishia kumfanya kapera.

Hata hivyo usidhani pasipo sheria mambo yangekuwa nafuu. Tuangalie kwa jirani. Uganda iliweka mshahara wa chini wa Sh6,000 za huko kwa mwezi mwaka 1984. Miaka ikapita, fedha ikaporomoka, kiwango kikabaki pale pale mpaka hakiwezi kununua hata kuku. Bunge lao lilipitisha mswada mpya Februari 2019, na Rais Yoweri Museveni akakataa kuutia sahihi. Kwa hiyo kiwango kibovu kinachopandishwa kwa kuchechemea, kama chetu, angalau kinampa mnyonge mahali pa kuanzia mazungumzo.

Kinachokosekana ni mtu wa kubisha mlango. Kiwandani Changamwe mkaguzi wa leba anaweza kuingia akaomba vitabu vya mishahara. Shelly Beach kuna geti, mbwa, na bawabu ambaye naye analipwa chini ya kiwango. Mwaka 1998 mama hakujua kama kuna ofisi ya leba mjini, ng'ambo ya feri asiyolipia hata senti kwa miguu. Siku hizi chama cha KUDHEIHA kinawaandikisha watumishi wa majumbani, na mwaka 2012 Mahakama ya Viwanda, kama ilivyoitwa wakati ule, ilithibitisha katika kesi ya mtumishi mmoja kwamba sheria za ajira zinamlinda sawa na mfanyakazi mwingine yeyote. Mahakama hiyo, sasa ikiitwa ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, inaketi Mombasa pia. Na asiyepewa mkataba wa maandishi asiogope. Ikifika kortini, ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha walikubaliana nini. Tatizo ni muda. Madai yana miaka mitatu tu. Ya mama yalikufa zamani, naye alipoambiwa hivyo aliuliza kama chai imeiva.

Kwa mwalimu wetu wa Majengo Mapya liko pia la kufanya, ingawa halitamfurahisha. Amri ina viwango vya siku na vya saa, si vya mwezi peke yake. Asiyeweza kumlipa mtu mwezi mzima kihalali anaweza kumwajiri wa kufua siku mbili kwa juma, akamlipa siku hizo kikamilifu. Majirani watatu wanaweza kumwajiri yaya mmoja, watoto wakakusanywa nyumba moja. Akina mama wa mtaa wetu wamefanya hivyo kwa miaka, bila kamati.

Sisi kwetu tulikaa chini watatu, mume wangu, yaya na mimi. Nilimwonyesha hesabu. Alidhani namfukuza, akaanza kulia, ikabidi nianze upya. Hatukuweza kuitoa Sh91,137.50 kwa mkupuo, wala sitakudanganya kwamba mume wangu alifurahi. Tulikubaliana deni tulilipe kwa miezi 18, na kwamba mshahara wenyewe ufuate amri kuanzia mwezi huo. Tumeuza televisheni ile kubwa. Jumapili ni yake, haulizwi anakwenda wapi. Tumeandika karatasi, tumetia sahihi, nakala moja anayo yeye sandukuni.

Alipopokea malipo ya kwanza alizihesabu noti mara mbili, akazipanga upya, kisha akaniuliza kama makosa yamefanyika na kama mwezi ujao nitazirudisha. Mama alikuwa ameketi pale pale mkekani akichambua mchele. Ndiye aliyemjibu.

"Zifunge kwenye leso, mwanangu. Kesho nitakupeleka posta ukafungue akaunti."

Kisha akanigeukia mimi, akaniuliza ikiwa nimeandika mahali zile saa za jioni msichana anazokaa na watoto mimi ninapochelewa gazetini. Sikuwa nimeandika.